Stakabadhi za kuni za Tarn Taran

Swali hili limetoka kwa fundi wa magari wa Mombasa:

"Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi kwa Kalasinga. Ofisini kwake, juu ya saa ya ukutani, kuna picha ya kijana mwenye kilemba. Miaka yote nilidhani ni mwanawe aliye Uingereza. Juzi nikamuuliza, akaniambia ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Polisi walimchukua nyumbani kwao, kijiji kimoja karibu na Tarn Taran kule Punjab, mwaka 1992. Hakushtakiwa, hakufungwa, hakuzikwa. Nikasema bila shaka ilikuwa hali ya hatari, kama hapa kwetu wakati wa Mau Mau. Akacheka, akasema India haikutangaza hali ya hatari yoyote Punjab. Sasa mimi sielewi. Kama haikutangazwa, ni sheria gani iliyowapa polisi ruhusa ya kumchukua mtu asirudi? Ilikuwaje hakuna aliyeulizwa? Na walifanyiwa hivyo kwa sababu ni Makalasinga, au kuna jambo jingine?"

Marahaba, fundi. Tajiri wako hakukosea. Katika miaka yote ile ya damu, tuseme kuanzia 1983 hadi 1995, hali ya hatari ya kikatiba haikutangazwa Punjab hata siku moja. Mahakama zilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, magazeti yalitoka, bunge la Delhi lilikaa. Ndiyo maana swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana. Ingekuwa imetangazwa, ningekujibu kwa mistari miwili.

Kwanza nikusahihishe jambo dogo litakalotufaa mbele. Umesema kijana hakuzikwa. Makalasinga hawaziki. Maiti huoshwa, huvishwa, huchomwa kwa kuni, kisha majivu hupelekwa mtoni, na wengi huyapeleka Kiratpur Sahib kwenye mto Sutlej. Kwa hiyo maiti yao inahitaji kuni, kuni zina bei, na penye bei pana stakabadhi. Liweke hilo akilini. (Neno Kalasinga nalitumia kama tulivyolikuta midomoni mwa wazee wa reli na karakana. Bara wengine husema Singasinga. Wao hujiita Sikh.)

India iliwahi kuwa na hali ya hatari ya kweli, ile ambayo wazee wa huko wakisema "wakati wa Hali ya Hatari" hakuna anayeuliza ipi. Waziri Mkuu Indira Gandhi aliitangaza Juni 1975, ikadumu hadi Machi 1977. Wapinzani walisombwa usiku wakatiwa kizuizini bila mashtaka. Chama cha Makalasinga, Akali Dal, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyokataa kunyamaza: kuanzia Julai 1975 wafuasi wake walitoka Amritsar makundi kwa makundi kujipeleka wakamatwe, na hawakuacha hadi mambo yalipokwisha. Kuna wanaosema Delhi haikuwasamehe kwa hilo. Mimi naona sababu za yaliyofuata ni nyingi zaidi, lakini hilo lipo kwenye hesabu.

Mwaka 1976 kesi ya waliozuiliwa ilifika Mahakama ya Juu. Jaji mmoja, H. R. Khanna, alimuuliza mwanasheria mkuu wa serikali swali ambalo huwa nawasomea wanafunzi wangu siku ya kwanza: je, polisi akimuua mtu kwa chuki zake binafsi, ndugu za marehemu hawana pa kwenda wakati huu wa hali ya hatari? Akajibiwa kwamba kwa hoja ya serikali, ndiyo, hawana. Majaji wanne wakaikubali hoja hiyo. Khanna peke yake akaikataa, na baadaye akarukwa kwenye zamu ya kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa mzaliwa wa Amritsar.

Indira alipoanguka, bunge jipya lilirekebisha katiba mwaka 1978 ili jambo lile lisirudi: haki ya kuishi isiweze kusimamishwa hata katika hali ya hatari, na "vurugu za ndani" zisitoshe tena kuwa sababu ya kuitangaza. Mwaka 1988, serikali ya Rajiv Gandhi ikapitisha marekebisho ya 59, yaliyorudisha mambo yote mawili kwa jimbo moja tu la India nzima: Punjab. Fikiria hilo. Katiba ya nchi ya mamia ya mamilioni ya watu ikiandikwa upya ili haki ya kuishi iweze kusimamishwa katika jimbo moja, ambalo ndilo pekee wenye vilemba wanakuwa wengi. Kwa India nzima ni asilimia 2 hivi. Kifungu hicho hakikutumika hata mara moja, na Januari 1990 kilifutwa. Hakikutumika kwa sababu hapakuwa na haja nacho. Kazi ilikuwa inafanyika bila hicho.

Ukikamatwa leo Mombasa, wapo watu wanaopaswa kuuliza. Hakimu, ndani ya saa 24, aulize umekamatwa kwa kosa gani. Wakili aulize ushahidi uko wapi. Mama yako aende kituoni aulize umeandikwa kwenye daftari la matukio ukurasa gani. Ukifia mikononi mwao, daktari aulize jeraha hili limetokana na nini. Mimi na wewe tunajua mara ngapi hawaulizi, au huuliza kwa kupewa kitu kidogo. Lakini wapo. Sheria za Punjab ziliwapunguza hawa waulizaji mmoja baada ya mwingine, na hiyo ndiyo ruhusa unayoitafuta.

Tuanze na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1980, sheria ya kumzuia mtu kwa jambo ambalo hajalitenda bado. Kwingineko India kizuizi hicho kilikuwa na ukomo wa mwaka 1. Kwa Punjab, mwaka 1984, kikaongezwa hadi miaka 2. Hakuna mashtaka, kwa hiyo hakuna kesi. Hakuna kesi, kwa hiyo wakili hana pa kusimama.

Oktoba 1983 wapiganaji wa Kikalasinga, waliotaka Punjab ijitenge, walisimamisha basi karibu na Dhilwan, wakawatenga abiria Wahindu, wakawapiga risasi. Delhi ikavunja serikali ya jimbo na kuliweka chini ya utawala wa Rais. Mwezi huohuo ikaja amri, baadaye sheria kamili, ya kuwapa wanajeshi mamlaka maalumu Punjab na Chandigarh. Katika eneo lililotangazwa kuwa la vurugu, askari baada ya kutoa onyo aliweza kumpiga mtu risasi hata ya kuua kwa kuvunja amri ya kutokusanyika watu watano au zaidi. Aliweza kukamata bila hati, kupekua bila hati, kuvunja kufuli ya mlango au sanduku. Kifungu cha 7 ndicho ninachotaka ukikumbuke: hakuna kesi itakayofunguliwa dhidi ya askari kwa alilolifanya chini ya sheria hii bila idhini ya serikali kuu. Soma tena. Mtu wa kutoa ruhusa ya kumshtaki mtumishi ni bwana wake aliyemtuma. Sheria hii haikutungwa hewani. Chimbuko lake ni amri ya Waingereza ya 1942, ya kuzima harakati za kuwataka waondoke India. India huru iliihuisha mwaka 1958 kwa ajili ya Wanaga wa kaskazini-mashariki, kisha ikaihamishia Punjab.

Halafu ikaja Juni 1984. Jarnail Singh Bhindranwale, mhubiri aliyekuwa na mashabiki wengi na bunduki nyingi, alikuwa amejichimbia ndani ya eneo la Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Serikali ilichagua kuingia kwa jeshi siku za kumbukumbu ya kifo cha kishahidi cha Guru Arjan, wakati hekalu limejaa mahujaji. Waandishi wa kigeni walitolewa jimboni, amri ya kutotoka nje ikawekwa Punjab nzima, vifaru vikaipiga Akal Takht, kiti cha mamlaka ya dini yao, na maktaba ya hati zao za kale ikateketea. Taarifa rasmi ya serikali ilitaja askari 83 waliouawa na watu wengine 493. Watu wa Amritsar hawajawahi kuikubali hesabu hiyo ya pili. Mamia ya waliotolewa humo hai walisafirishwa hadi gereza la Jodhpur, mbali na kwao, na wengine wakakaa miaka karibu mitano wakingoja kesi isiyosikilizwa.

Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo walinzi wawili wa Indira Gandhi, wote Makalasinga, walimuua bustanini kwake. Kilichofuata Delhi kwa siku tatu sihitaji kukirefusha, maana hapo sheria haikutumika kabisa, ilikwenda likizo: makundi yenye mafuta ya taa, mipira ya magari na orodha za nyumba yalizunguka mitaani, Trilokpuri na kwingineko, na wanaume wenye vilemba wakachomwa hai mbele ya wake zao. Hesabu rasmi kwa Delhi peke yake ni 2,733. Mwanasiasa mmoja mkubwa wa Congress, chama cha Indira, Sajjan Kumar, alitiwa hatiani na Mahakama Kuu ya Delhi Desemba 2018. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Baada ya mabomu yaliyofichwa ndani ya redio ndogo kulipuka Delhi, Mei 1985, bunge likapitisha sheria iitwayo kwa kifupi TADA, ya kuzuia ugaidi na uvurugaji. Hii ndiyo iliyokuwa sululu. Ilipotungwa upya mwaka 1987 ilisema kwamba maungamo aliyoyatoa mtu mbele ya ofisa mkuu wa polisi ni ushahidi mahakamani, jambo ambalo sheria ya India ilikuwa imelikataza tangu enzi za Waingereza kwa sababu Waingereza wenyewe waliwajua polisi wao. Ilisema dhamana itolewe tu kama hakimu ameridhika kwamba mtu huyu hana hatia, yaani kesi iamuliwe kabla haijaanza. Mashahidi waliweza kufichwa majina, mtu kukaa hadi mwaka mzima bila kusomewa mashtaka, na rufaa ikaruka Mahakama Kuu ya jimbo kwenda moja kwa moja Delhi. Mkulima wa Tarn Taran akamkodie wakili Delhi kwa fedha gani? Hata maneno matupu ya kutaka Punjab ijitenge yalihesabiwa kuwa uvurugaji.

Kufikia katikati ya 1994 waliokamatwa chini ya TADA India nzima walikuwa zaidi ya 76,000, na waliopatikana na hatia hawakufika asilimia 2. Serikali zikiulizwa hujibu kwamba hiyo yaonyesha mahakama zilikuwa na huruma. Fundi, mashine inayotoa bidhaa mbili njema kati ya mia, wewe ungesemaje? Mimi nasema labda kazi yake haikuwa kutoa bidhaa. Kukamata ndiko kulikuwa adhabu yenyewe. Gujarat, ambako hakukuwa na wapiganaji wa kutajika, ikawa na maelfu kwa maelfu ya waliokamatwa, na baadaye zamu ikawaangukia sana Waislamu. Machi 1994 Mahakama ya Juu iliipima TADA katika kesi ya Kartar Singh na kuiacha isimame, ikiweka masharti machache ambayo polisi hawakuyasikia. Iliachwa ife yenyewe Mei 1995.

Sasa tumrudie shemeji wa tajiri wako, maana yeye hakushtakiwa hata kwa TADA. Kufikia 1991 na 1992 jimbo lilikuwa chini ya mkuu wa polisi K. P. S. Gill, na polisi walijua mambo mawili: hakuna atakayewashtaki, na zipo zawadi za fedha kwa vichwa vya wapiganaji. Utaratibu ukawa mmoja kijiji baada ya kijiji. Gari lisilo na namba huja usiku au alfajiri. Kijana huchukuliwa. Baba akienda kituoni huambiwa hatumjui. Akirudi na wazee wa kijiji huambiwa aache, atapoteza na wa pili. Siku chache baadaye gazeti huandika kwamba mpiganaji asiyejulikana jina ameuawa katika mapambano ya risasi na polisi wakati akijaribu kutoroka. Watu wa Punjab hawakuhitaji kuelezwa maana ya "mapambano".

Hapa ndipo kuni zinaporudi. Alikuwepo Amritsar mfanyakazi wa benki ya ushirika, Jaswant Singh Khalra. Alianza tu kwa kuwatafuta watu anaowafahamu waliopotea. Badala ya kwenda vituo vya polisi, ambako jibu lilijulikana, alikwenda mahali pa kuchomea maiti. Sehemu hizo zinaendeshwa na manispaa au kamati za mahekalu, na manispaa ni manispaa: kila kitu kinaandikwa. Polisi walikuwa wakileta maiti wakisema hazina mwenyewe, na maiti isiyo na mwenyewe huchomwa kwa gharama ya umma. Gharama ya umma inataka hesabu. Kwa hiyo kwenye daftari kulikuwa na tarehe, kituo kilicholeta maiti, mara nyingi jina la askari aliyeileta, na kuni zilizotolewa. Mahali pa jina la marehemu pameandikwa neno moja, lawaris, ambalo hata wewe ukilisikiliza vizuri utasikia ndani yake warithi wetu: asiye na wa kumrithi. Na pengine, hili ndilo linalonishinda kila mara, jina lilikuwa limeandikwa, na jina la baba, na kijiji. Kisha bado maiti ikahesabiwa haina mwenyewe, na mama yake yuko mwendo wa baiskeli kutoka hapo.

Mtu aliyeua na kuficha alijua kumwondoa hakimu, wakili, daktari. Hakumkumbuka karani wa kuni.

Januari 1995 Khalra na wenzake waliitisha waandishi wa habari na kutangaza waliyoyakuta katika wilaya ya Amritsar, ambayo wakati huo ilijumuisha Tarn Taran. Wakapeleka ombi Mahakama Kuu. Likatupwa: ninyi si ndugu wa marehemu, ndugu waje wenyewe. Ukitafakari utaona ulivyo mtego. Ndugu hawawezi kuja kwa sababu maiti haina jina, na maiti haina jina kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuuliza. Akaenda Kanada kuwasimulia Makalasinga wa huko, akawapa kisa cha taa ndogo iliyosimama peke yake mbele ya giza, wakamsihi asirudi, akarudi. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 1995 alikuwa akiosha gari lake nje ya nyumba yake, mtaa wa Kabir Park. Polisi wakaja, wakamchukua. Mbele ya majirani, mchana kweupe, kama walivyozoea.

Mkewe, Paramjit Kaur, alipeleka Mahakama ya Juu, Delhi, ombi la kuamuru mtu aletwe hai mbele yake. Hakuletwa. Lakini mahakama iliwaamuru wapelelezi wa serikali kuu, CBI, wachunguze mambo mawili: amekwenda wapi Khalra, na ni kweli aliyosema juu ya kuni? Desemba 1996 wakaleta jibu la swali la pili. Katika sehemu tatu tu za kuchomea maiti za wilaya moja ya Amritsar, ya Tarn Taran ikiwemo, polisi walikuwa wamechoma maiti 2,097 kinyume cha sheria. Kati yao 585 walitambuliwa kikamilifu, 274 nusunusu, 1,238 hawakutambuliwa. Mahakama ikasema huu ni ukiukaji wa haki za binadamu wa wazi na wa halaiki, ikalikabidhi shauri kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu.

Kuhusu Khalra mwenyewe, polisi msaidizi mmoja alitoa ushahidi kwamba aliteswa, akauawa, na mwili ukatupwa majini Harike. Mwaka 2005 mahakama ya Patiala iliwatia hatiani polisi sita. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliongeza adhabu za wanne kuwa kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2011. Miaka 16 kwa mtu mmoja maarufu aliyekamatwa mbele ya mashahidi. Kwa wale wengine 2,097, Tume ilikataa kutoka nje ya zile sehemu tatu, ikakataa pia kuuliza nani aliua. Ikagawa fidia. Rupia 250,000 kwa familia ambazo polisi walikubali kwamba mtu wao alikuwa mikononi mwao alipokufa, na 175,000 kwa ambao kosa lililokubaliwa ni kuchoma maiti bila kufuata kanuni. Yaani dola ilikiri kosa la kuni. La roho halikuulizwa. Hadi Tume ilipofunga jalada mwaka 2012 familia za marehemu 1,513 zilikuwa zimepangiwa jumla ya rupia milioni 279 na ushei.

Umeuliza kama ni kwa sababu ya dini. Sitakudanganya kwa jibu rahisi. Wapiganaji nao waliua, na waliua sana. Waliwashusha abiria Wahindu kwenye mabasi, waliwaua waandishi wa habari, waliwaua Makalasinga wenzao waliotaka suluhu, akiwemo Harchand Singh Longowal, kiongozi wa Akali Dal, chini ya mwezi mmoja baada ya kutia saini mkataba na Rajiv Gandhi mwaka 1985. Ndege ya Air India ililipuliwa juu ya Atlantiki mwaka huo na watu 329. Gill alikuwa Kalasinga. Waziri mkuu wa jimbo Beant Singh, aliyeuawa kwa bomu Agosti 1995, alikuwa Kalasinga, na askari wengi walioligonga lango la wakwe wa tajiri wako walivaa kilemba kama yeye. Kwa hiyo anayekwambia ni Wahindu waliowageukia Makalasinga anakurahisishia mno, isipokuwa Delhi, Novemba 1984, ambako ndivyo ilivyokuwa hasa, na hata huko wapo majirani Wahindu waliowaficha watu vitandani mwao.

Hata hivyo sheria haivai kilemba wala haikivui; inaangalia itamwangukia nani. Marekebisho ya 59 yaliandikwa kwa Punjab, mamlaka ya 1983 yalitolewa Punjab, na kijana wa kijijini mwenye ndevu na kilemba cha rangi fulani alikuwa mshukiwa kwa sura yake. Mzee anayeambiwa na askari wa dini yake kwamba mwanawe hajulikani alipo hapati nafuu kwa sababu askari naye husali gurdwara.

Umetaja Mau Mau, na hapo umegusa mahali penyewe. Wapunjabi walikwisha kulijua jambo hili mwaka 1919, Waingereza walipoleta sheria ya Rowlatt ya kuwafunga watu bila kesi. Watu waliipa jina la mitaani: hakuna wakili, hakuna hoja, hakuna rufaa. Mkutano wa watu Amritsar, bustani ya Jallianwala, tarehe 13 Aprili mwaka huo, ukamiminiwa risasi. Na mtoto wa Kipunjabi aliyeletwa Kenya mwaka 1927 akiwa na miaka 13, Makhan Singh, akaja kuwa baba wa vyama vya wafanyakazi hapa kwetu. Mei 1950 Waingereza walimkamata muda mfupi baada ya kudai uhuru hadharani Nairobi, wakamweka kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Kalasinga, bila kupatikana na hatia ya kosa lolote, na kukamatwa kwake kulitangulia hata hali ya hatari yenyewe ya 1952. Nasi tulipopata uhuru hatukuzitupa sheria hizo. Tanganyika ilijitungia yake ya kuzuia watu mwaka 1962, Kenya mwaka 1966. Tajiri wako alipocheka uliposema "kama hapa kwetu", sidhani alikucheka wewe.

Sasa ile picha. Tarn Taran ni moja ya zile sehemu tatu, na 1992 imo ndani ya miaka iliyochunguzwa, kwa hiyo jina la kijana laweza kuwemo kwenye orodha ya CBI bila familia kujua, hasa kama walihama mapema. Muulize tajiri, si mbele ya wateja, mkewe anakumbuka nini. Jina la kijana peke yake halitoshi, maana karibu kila mwanamume wao ni Singh na majina ya kwanza yanarudiwarudiwa. Kinachosaidia kutambua ni jina la baba, jina la kijiji, na siku au walau msimu. Mama wengi wa huko hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka kama ngano ilikuwa inapandwa au inavunwa. Cheti cha shule, kadi ya mgao wa chakula, nakala ya barua yoyote waliyompelekea ofisa, vyote vitolewe kivuli. Shirika la Ensaaf limekuwa likikusanya taarifa za namna hii familia kwa familia, na limekwisha kuandika maelfu. Kati ya wale 2,097, wapo mamia waliobaki bila jina wakati Tume inafunga jalada.